Darasa la Dubu la Tochizawa

Mke wangu Hatsue yu hai leo kwa sababu alijifunza kulala kifudifudi. Yeye mwenyewe hupenda kuwachekesha watu kwa kusema hivyo. Mimi bado sijaweza kucheka.

Naitwa Tokuji, nina miaka sabini na minne. Kwa miaka arobaini na mmoja nimekuwa mwindaji hapa Tochizawa, kitongoji cha kaya tisa kilichobanwa kati ya mto na mlima. Zamani tulikuwa wawindaji saba. Wengine walikufa, wengine macho yaliwakatalia wakarudisha bunduki zao kwa polisi, mpaka nikabaki peke yangu. Kwa hiyo dubu akishuka kutoka mlimani, ofisi ya mji hunipigia mimi simu.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, nilimpiga risasi dubu jike nyuma ya ghala la mpunga. Alikuwa na mtoto. Yule mtoto alipanda juu ya mwerezi akakaa huko siku mbili akilia, na kilio cha mtoto wa dubu hakitofautiani sana na cha mtoto wa mtu. Siku ya tatu hakuwepo. Sikumuuliza mtu alikokwenda. Watu walinishukuru kwa kazi nzuri, wakaniletea pombe ya mchele chupa mbili, na chupa zenyewe zikakaa kabatini bila kufunguliwa.

Basi mwezi wa kumi uliofuata, asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa Bi Tomie, jirani yetu, mwenye miaka themanini na minane, anayeishi peke yake karibu na shule ya msingi iliyofungwa.

"Tokuji," alisema, "kuna mtu mweusi juu ya mkaki wangu. Amekuja na mwanawe."

"Huyo si mtu, Bi Tomie. Huyo ni dubu."

"Najua ni dubu. Nimezeeka, sijapofuka. Njoo umwambie ashuke, anavunja matawi."

Mkaki wa Bi Tomie, yaani mti wa matunda yaitwayo kaki, ulikuwa mrefu kuliko paa la shule. Kila vuli ulijaa matunda ya rangi ya machungwa mpaka matawi yakainama, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuyachuma, yalikaa mtini mpaka theluji ya kwanza. Nilipofika na bunduki yangu nilikuta dubu wameshaondoka. Chini ya mti alikuwa amechuchumaa binti mmoja aliyevaa koti la ofisi ya mji, akichokoa kinyesi cha dubu kwa kijiti, kama mtu anayechambua maharage.

Huyo ndiye Odashima Mizuho. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa jiji la Morioka, aliyesomea wanyama chuo kikuu. Ofisi ya mji ilikuwa imemwajiri tangu mwezi wa nne kushughulikia mambo ya dubu. Mpaka siku ile nilikuwa nimemwona mara mbili tu, akibandika mabango kwenye nguzo.

"Mzee Tokuji," alisema akiinuka na kuniinamia kwa heshima, "najua umeitwa kuja kupiga. Nakuomba unipe siku kumi."

"Siku kumi za nini?"

"Za mtego wa mapipa, na za darasa."

"Utamfundisha dubu?"

"Dubu nitamfundisha pia," alisema. "Lakini nitaanza na nyinyi."

Nilikasirika. Nimetembea mlima huu tangu kabla baba yake hajazaliwa, na sasa binti wa mjini anataka kunikalisha darasani. Nilirudi nyumbani nikamsimulia Hatsue nikitegemea ataniunga mkono. Yeye aliendelea kukata figili.

"Baba," alisema (ndivyo anavyoniita tangu watoto wetu walipokuwa wadogo), "tangu mwaka jana hulali vizuri. Mtu akikuomba usipige, unakasirikia nini?"

Nikatoka nje kupasua kuni. Siku iliyofuata alinitangulia kwenda shuleni, nami nikamfuata nyuma.

Shule ile ilifungwa miaka kumi na miwili iliyopita, mtoto wa mwisho alipomaliza. Odashima alikuwa ameomba ufunguo na kufagia darasa moja. Tulikuwa wazee kumi na wanne, tumekaa kwenye viti vya watoto wa miaka saba, magoti yakigusa videvu. Bi Tomie alikaa mbele kabisa.

"Hapa ndipo nilipokaa nikiwa darasa la kwanza," alisema. "Tokuji, usinong'one huko nyuma. Mwalimu atakufukuza."

Odashima aliweka juu ya meza fuvu la dubu, na kando yake masinia matatu yaliyofunikwa kwa gazeti. Alifunua la kwanza. Kilikuwa kinyesi cha dubu kilichokaushwa, kimejaa mbegu za kaki.

"Hizi sote tunazijua zimetoka wapi," alisema, na watu wote wakamtazama Bi Tomie, naye akaitazama dari.

La pili lilikuwa limejaa maganda ya kokwa za miti ya mwituni. Alituambia lilikuwa la mwaka mwingine, mwaka ambao miti ya milimani ilizaa vizuri. Mwaka huu, alisema, amepanda mlimani mara sita na hakuona miti ya kutosha iliyozaa. Dubu wanapotaka kulala majira yote ya baridi, lazima kwanza wanenepe. Wasipopata chakula juu, wanakifuata chini.

Kisha akafunua la tatu. Ndani ya kinyesi kile kulikuwa na pumba za mchele, na kipande cha mfuko wa plastiki wenye maandishi ya bluu.

"Mfuko huu sijui ni wa nani," alisema kwa upole.

Nilijua. Ulikuwa mfuko wa mbolea ninayoinunua mimi. Pumba nilikuwa nazihifadhi bandani ndani ya mifuko hiyo, mlango wenyewe nimeufunga kwa kipande cha kamba. Hatsue alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Ni wangu," nilisema.

Darasa zima liligeuka. Mtu mmoja alianza kucheka, wengine wakafuata, hata mimi ikabidi nicheke. "Mwindaji mkuu anafuga dubu," alisema Bi Tomie. "Kumbe ndiyo maana hakosi kazi."

Odashima hakucheka. Alisubiri tunyamaze, akasema jambo ambalo sijalisahau. "Sikuja kumwaibisha mtu. Dubu anayekuja kwetu amefundishwa na sisi. Tumemfundisha bila kujua kwamba hapa kuna chakula na hakuna hatari. Tukijua tunachomfundisha, tunaweza kubadilisha somo."

Baada ya hapo akatufundisha la kufanya tukikutana naye. Usikimbie. Usimpe mgongo. Rudi nyuma polepole ukizungumza kwa sauti ya chini. Akikurukia, lala kifudifudi, tanua miguu kidogo ili asikugeuze, funga vidole nyuma ya shingo, na shanta yako ikae mgongoni ikukinge. Akatandika mikeka sakafuni, tukafanya zoezi. Ungewaona wazee kumi na watatu wakijitupa chini kifudifudi kama mifuko ya mchele na kuguna. Hatsue alifanya mara tatu kwa sababu mara ya kwanza na ya pili Odashima alimrekebisha mikono. Bi Tomie alikataa.

"Mimi nikilala chini siinuki tena," alisema. "Lala wewe, mwanangu, nikutazame."

Odashima akalala, naye Bi Tomie akamgusa shingoni kwa fimbo yake. "Hapa pamebaki wazi," akasema, na mwalimu akarekebisha vidole vyake.

Lililobaki lilikuwa suala la mkaki. Ofisi ya mji ilitaka ukatwe. Nilitazamia Odashima angemshinikiza Bi Tomie, na nilijua asingefanikiwa, maana mti ule mumewe aliupanda mwaka aliozaliwa mwana wao wa pekee, na mwana huyo alifariki akiwa na miaka ishirini na mitatu. Sisi sote tunalijua hilo, na hakuna alisemaye. Sijui Odashima alilijulia wapi, au labda hakulijua. Alikwenda kwa Bi Tomie, akakaa barazani akanywa chai, akamuuliza kama kaki zile zinafaa kukaushwa.

"Zinafaa kuliko zote za bonde hili," alisema Bi Tomie.

"Basi tukizichuma zote, utatufundisha kuzikausha?"

Bi Tomie alimmiminia chai tena. "Nyinyi ni wangapi?"

Walikuja thelathini na wawili. Wanafunzi wa darasa la tano wa shule ya mjini walishuka kwenye basi wakiwa na kofia za manjano, wakashika mianzi mirefu iliyopasuliwa nchani, nasi wazee tukawaonyesha jinsi ya kulibana tawi dogo na kulizungusha mpaka likatike. Odashima aliwaambia kila kaki watakayoishusha ni sababu moja iliyopungua ya dubu kuja kufa hapa. Walichuma mpaka mti ukabaki na majani tu. Kisha wakakaa katika ukumbi wa shule iliyofungwa pamoja na Bi Tomie, wakamenya na kufunga kwa kamba, naye akiwapitia mmoja mmoja na kuwaambia wamemenya kama wanaochonga mbao. Sikuwa nimemsikia akiongea kiasi kile tangu alipofiwa na mumewe. Kabla ya jioni madirisha yote ya shule yalikuwa yamening'inia kaki, safu juu ya safu, na mimi nikazungushia shina la mti bati laini ili kucha zisishike.

Siku mbili baadaye dubu jike aliingia mtegoni. Ulikuwa mtego wa mapipa mawili ya chuma yaliyounganishwa, ndani yake asali kidogo. Mtoto wake alikuwa nje, anazunguka, anakwaruza chuma. Daktari wa mifugo alimdunga mama sindano ya usingizi, wakampima, wakamtoga sikio na kumvika hereni ya plastiki nyekundu. Tukaupandisha mtego kwenye kigari mpaka karibu na mpaka wa msitu, mahali ambapo mtoto aliweza kutufuata, naye akatufuata kweli, akijificha nyuma ya miti.

Kazi yangu siku ile ilikuwa kusimama na bunduki iliyojaa. Kama dubu angegeuka kumshambulia mtu, ningepiga. Alipozinduka vizuri, Odashima alimpulizia dawa ya pilipili kupitia tundu la pipa, akapiga pipa kwa chuma, akampigia kelele kwa sauti ambayo sikudhani binti mwembamba vile anaweza kuitoa. Alimwita kila jina baya. Alimwambia asionekane tena Tochizawa. Kisha akavuta kamba na mlango ukafunguka.

Dubu alitoka akasimama. Alikuwa hatua kumi na tano kutoka kwangu, macho yanamtiririka, alama nyeupe kifuani inapanda na kushuka kwa pumzi. Kidole changu kilikuwa pembeni ya kifyatulio. Nilihesabu moyoni mpaka tatu. Odashima alirusha fataki miguuni pa dubu, naye akageuka akapanda mlima kwa kasi ya jiwe linaloporomoka, ila yeye alikuwa anakwenda juu. Mtoto akamkimbilia. Tulisikia matawi yakivunjika, kisha hatukusikia kitu.

Nilitoa risasi kwenye bunduki.

"Asante kwa kutopiga," alisema Odashima. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kelele.

Usiku ule nililala mpaka asubuhi.

Sasa niseme kosa langu. Hatsue hupenda kwenda kuchuma uyoga upande wa pili wa kijito, na baada ya darasa alifunga kengele kwenye shanta yake ili dubu wamsikie mapema, kama alivyoambiwa. Ile kengele ilinikera. Kila alipopita mlangoni, ikalia tena. Siku moja nikaifungua nikaiweka juu ya rafu, nikasema nitairudisha, nikasahau. Wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi, Hatsue alikwenda kwenye uyoga bila kengele, na kijito kilikuwa kinapiga kelele za mvua ya jana yake.

Saa sita nilimwona anarudi kwa miguu, polepole, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa chekundu. Nilipokaribia nikaona kitambaa kilikuwa cheupe, wekundu ule ni damu.

"Baba, usipige kelele," alisema. "Washa gari."

Njiani kwenda hospitali alinisimulia. Aliinama kukata uyoga kwenye gogo, alipoinua kichwa dubu alikuwa upande wa pili wa gogo hilohilo. Wote wawili walishtuka. Alianza kurudi nyuma, akajikwaa, dubu akamrukia. "Nikalala," alisema. "Kama darasani. Nikafunga vidole, nikatanua miguu. Nikasikia shanta inachanika. Nikawa namsikia Bi Tomie anasema, hapa pamebaki wazi, nikabana vidole zaidi." Dubu alimkwaruza mkono mara moja, akasimama juu yake kidogo, akaondoka. Hatsue alibaki kifudifudi ameziba shingo mpaka akahesabu mia tatu.

"Alikuwa na hereni?" nilimuuliza.

"Mimi niliona udongo tu," alisema.

Alishonwa nyuzi kumi na tisa. Daktari alisema jeraha la mkono litapona, na kwamba watu wengi anaowapokea wameumizwa uso na shingo. Shanta yake ilikuwa imekatika kama imepitishwa kwenye mashine.

Nilimwacha kitandani nikarudi nyumbani kuchukua bunduki. Nasema ukweli. Nilikuwa nimekwisha kuitoa kabatini simu ilipolia. Alikuwa Hatsue, ameazima simu ya muuguzi.

"Uko bandani au kabatini?" aliuliza.

"Kabatini."

"Irudishe. Mimi ndiye niliyeingia kwake bila kubisha hodi. Na kama unatafuta wa kumlaumu, kengele iko juu ya rafu, niliiona juzi, nami nikaona uvivu kuifunga. Basi tulaumiane sisi wawili, tumalize. Niletee soksi."

Nilikaa sakafuni nikalia. Kisha nikampelekea soksi.

Siku ya tatu nilikwenda ofisi ya mji kumwona Odashima. Nilibeba gunia la mchele mpya wa shamba letu begani kwa sababu sikujua mtu hubeba nini kumshukuru aliyemwokolea mke. Nilimkuta mezani, simu mkononi, na mtu wa upande wa pili anamfokea mpaka mimi niliyesimama mlangoni nikasikia. Mtu huyo hakuwa hata wa mkoa wetu. Alikuwa amesikia kwenye taarifa kwamba mwanamke amejeruhiwa, akawa anauliza ni mjinga gani anayeachia dubu huru. Kabla yake, Odashima aliniambia baadaye, alikuwa amepiga mwingine kumwita muuaji kwa sababu ya dubu aliyepigwa bonde la jirani. Hupokea simu za namna hiyo kila siku. Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi ifikapo mwezi wa tatu.

Alipokata simu, niliweka gunia chini, nikapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ile, mbele ya wafanyakazi wote, nikainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Mzee Tokuji, inuka tafadhali," alisema. "Mama Hatsue ameumia. Mimi ndiye ninayepaswa kuinama."

"Mama Hatsue anakula," nilisema nikiwa bado chini. "Jana alilalamika supu ya hospitali haina ladha. Mwalimu, mimi nina miaka arobaini na mmoja ya kuwajua dubu, na sikuwahi kumfundisha mke wangu hata kitu kimoja cha kumwokoa. Nilidhani bunduki yangu inatosha. Asante. Nakuomba usichoke nasi."

Alipiga magoti yeye pia, tukawa tumeinamiana kama watu wawili waliopoteza sindano. Alikuwa analia. Karani mmoja akatuletea chai.

Barua yake hakuipeleka, ingawa mkataba wake nao ulikuwa unaisha mwezi huohuo wa tatu. Sisi pia hatukukaa tu. Bi Tomie alivaa kimono chake cha heshima, akaomba apelekwe kwa mkuu wa mji, na sisi kumi na watatu tukamfuata. Alimwambia mkuu kwamba yeye ana miaka themanini na minane na ndiyo kwanza ameanza shule, na haitakuwa adabu mwalimu akiondolewa kabla hajamaliza darasa la kwanza. Mkuu wa mji alijaribu kueleza habari za bajeti. Bi Tomie akamwambia anasikia vibaya, arudie kwa sauti zaidi, na zaidi, mpaka mkuu akachoka kujisikia akikataa. Ajira ya Odashima ikaongezwa miaka mitatu.

Mwaka uliofuata milima ilizaa vizuri, kwa hiyo siwezi kujigamba kwamba ni sisi tu tulioleta utulivu. Odashima hupenda kutukumbusha hivyo kila tunapojisifu. Lakini mwaka mzima bunduki yangu haikutoka kabatini kwa ajili ya dubu. Mwezi wa sita, kamera aliyoifunga kwenye mti juu kabisa ya korongo ilipiga picha ya dubu jike mwenye hereni nyekundu, na nyuma yake mwanawe, sasa amekua, anajikuna mgongo kwenye mwerezi. Alituletea picha hiyo Hatsue na mimi. Hatsue aliitazama, akashika kovu lake mkononi.

"Amenenepa," alisema. "Vizuri."

Siku hizi, mara moja kwa mwezi, Odashima hunipitia na gari lake tukaenda shule za mjini. Yeye hueleza mambo ya misitu na chakula, mimi husimulia habari za mlima. Juzi alipofika kwenye zoezi la kulala aliniomba nionyeshe. Nikajitupa chini mbele ya watoto arobaini, vidole nyuma ya shingo, nao wakacheka mpaka mwalimu wao akashindwa kuwanyamazisha. Mtoto mmoja wa kike akauliza kama inauma.

"Magoti yanauma," nilimwambia nikiwa bado kifudifudi. "Haya, sasa lala wewe, nikutazame mikono."

Wakalala wote.